Barolo ya Zamani: Jinsi ya Kuilaza, Kuifungua na Kuionja

Haupiti mwezi bila mtu kuniuliza kuhusu Barolo, mvinyo mwekundu wa Italia: "Nina chupa ya Barolo ya mwaka 2006, niifungue au niendelee kuiweka?" Wengi wanaouliza ni wahudumu wa Malindi na Watamu, ambako Waitaliano wamefanya makazi, na mgeni anaweza kutoa chupa mkobani mwake akasema tu, "Nifungulie hii." Wengine wameoa au kuolewa huko Italia na baba mkwe amewapa chupa sita za kuweka mpaka mtoto akue. Maswali ni yale yale, na makosa ni yale yale. Basi nayaandika majibu yote hapa.

Neno moja kabla hatujaanza, kwa sababu mengine yote yanasimama juu yake: umri wa mvinyo si mwaka ulioandikwa kwenye lebo peke yake. Ni mwaka huo pamoja na mahali chupa ilipolala. Barolo ya 1996 iliyolala gizani chini ya nyumba ya mawe kule Serralunga d'Alba, kijiji kimoja inakotengenezwa, na nyingine ya 1996 iliyokaa juu ya kabati la jiko la pwani zimetoka pipa moja, lakini sasa ni vitu viwili tofauti.

Unachohitaji kujua kuhusu Barolo

Si mengi. Inatoka vilima vya Langhe, karibu na mji wa Alba, mkoa wa Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia. Hutengenezwa kwa zabibu aina moja tu, nebbiolo, katika eneo la vijiji na miji 11. Nebbiolo huchelewa kuiva. Huvunwa zaidi mwezi Oktoba, wakati asubuhi mabonde yamejaa ukungu na vilele vya vilima vinaonekana kama visiwa. Sheria inataka Barolo ikae miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo ndani ya pipa la mbao. Ikiandikwa Riserva, ni miezi 62. Ndiyo maana mavuno ya 2016 yalianza kuuzwa mwaka 2020.

Mvinyo mwingi duniani, pamoja na mwingi wa Dodoma, hutengenezwa unywewe ndani ya miaka michache. Barolo haiko hivyo. Ina uchachu mkali na tanini nyingi, ule ukakasi unaokausha ulimi. Vitu hivyo viwili vinaifanya iwe ngumu ikiwa changa, na ndivyo vinavyoilinda kwa miaka 15, 20, hata 30.

Vya kuandaa

- Mahali pa kulaza pasipopita nyuzi 14 au 15 za selsiasi. Kwa wengi wetu maana yake ni friji la mvinyo.
- Kipimajoto cha bei nafuu, kile cha kuweka ndani ya friji.
- Kizibuo cha kawaida chenye mkono wa kuegemeza, na kama chupa imepita miaka 20, kizibuo cha meno mawili: vibamba viwili vyembamba vya chuma vinavyopita ubavuni mwa kizibo badala ya kukitoboa katikati.
- Jagi la kioo safi, lisilo na harufu ya sabuni.
- Glasi kubwa zenye tumbo pana na mdomo uliojikunja kuingia ndani. Glasi ndogo za karamu zinaiua Barolo. Afadhali glasi mbili kubwa mpokezane kuliko sita ndogo.
- Tochi ya simu au mshumaa.
- Kitambaa cheupe, na kipande cha shashi kwa dharura.

KULAZA CHUPA

1. Ikague siku ile ile unayoipata.

Isimamishe, utazame shingo. Mvinyo unapaswa kufika ndani ya shingo, au ukiwa mzee sana, uwe karibu na mabega. Ukishuka chini ya mabega, hewa imeingia nyingi na usitegemee makubwa. Tazama kizibo juu: kikiwa kimejitokeza na kusukuma kifuniko chake, au kuna michirizi iliyoganda inayonata shingoni, chupa hiyo imepigwa na joto. Barolo ilipata DOCG, daraja la juu kabisa la mvinyo wa Italia, mwaka 1980, kwa hiyo chupa mpya zina ukanda wa karatasi wenye namba shingoni. Usishangae kuukosa kwenye chupa ya zamani zaidi.

2. Amua kwa uaminifu kama una mahali pa kuiweka.

Hapa ndipo watu wengi wanapojidanganya. Mwezi wa Machi, nyumba ya Mombasa, Dar es Salaam au Malindi hupita nyuzi 30 mchana na usiku haipoi sana. Katika joto hilo mvinyo hauzeeki, unapikika. Chupa yangu ya kwanza niliipewa na mteja mzee nilipokuwa kijana, Barolo ya 1999. Niliifunga kwa gazeti nikaiweka juu ya kabati la nguo, nikihesabu miaka. Baada ya miaka minne niliifungua mbele ya mama yangu na wajomba zangu. Ilikuwa na rangi ya maji ya ukwaju na harufu ya zabibu kavu zilizoungulia chunguni. Yule mzee alikuwa ameshafariki, nami sikuwahi kumwambia. Naandika mwongozo huu kwa sababu ya chupa ile zaidi ya kitu kingine chochote.

Kwa hiyo, kama uko pwani na huna friji la mvinyo, usiilaze. Inywe mwaka huu na watu unaowapenda. Hata ikiwa bado ngumu, ni bora kuliko kuipika polepole. Nyanda za juu, kwa mfano Limuru, Lushoto au Njombe, chumba cha ndani kisicho na dirisha kinaweza kuitunza miaka miwili mitatu bila madhara makubwa. Miaka kumi na tano, hapana. Hata huko utahitaji friji.

3. Weka joto liwe moja.

Nyuzi 12 hadi 14 ndiyo kiwango cha maghala ya chini ya ardhi kule Langhe, na ndicho cha kuiga. Lakini ukinilazimisha kuchagua, nitachukua nyuzi 16 zisizobadilika kuliko 12 zinazopanda hadi 22 kila umeme ukikatika. Joto likipanda, mvinyo unatanuka na kusukuma kizibo. Likishuka, unanywea na kuvuta hewa. Chupa inapumua kila siku, na kila pumzi inaingiza kidogo.

Umeme ukiwa wa kukatika, jaza nafasi zilizobaki ndani ya friji kwa chupa za maji. Maji yakishapoa hushikilia ubaridi kwa saa nyingi. Na usifungue mlango kwa kutaka kuangalia tu.

*Onyo:* friji la jikoni si mahali pa kulaza mvinyo. Lina nyuzi 4 au 5, hewa yake ni kavu, na mota inatikisa. Wiki chache si neno. Miaka ni hasara.

4. Laza, usisimamishe.

Kizibo kikiguswa na mvinyo hubaki na unyevu na kuziba vizuri. Kikikauka hunywea, hewa ikapita. Elekeza lebo juu ili usiizungushe chupa ukitaka kuisoma. Unyevu wa hewa wa asilimia 60 hadi 75 unafaa. Kwetu pwani upo wa kutosha. Tatizo letu ni koga kwenye lebo, nayo haiharibu kilicho ndani.

5. Giza, utulivu, na hakuna harufu kali.

Usiweke pamoja na vitunguu, rangi ya kuta au mafuta ya taa. Na andika daftari: jina, mwaka, tarehe uliyoipata, mahali ilipotoka. Ukiwa na chupa sita za aina moja, fungua moja ikifika miaka 10, nyingine 13, nyingine 16, uandike ulichokuta. Hakuna mtabiri atakayekuambia vizuri zaidi ya hizo chupa zenyewe.

6. Jua lini ifunguliwe.

Mwaka wa mavuno una uzito. Miaka kama 1996, 1999, 2001, 2004, 2006, 2010, 2013 na 2016 ilitoa mvinyo wenye mifupa, unaostahili kusubiriwa. Mwaka 2002 mvua na mvua ya mawe viliharibu mengi, na 2003 ulikuwa wa joto kali. Hizo usizisubirishe zaidi, zifungue. Udongo nao unasema. Barolo ya La Morra na ya kijiji cha Barolo chenyewe mara nyingi hulainika mapema, ya Serralunga na Monforte hutaka subira. Kanuni yangu: mwaka wa kawaida, miaka 10 hadi 15, mwaka mkubwa na mtengenezaji anayeaminika, 15 hadi 25. Wako wanaongoja 40. Mimi naona watu wengi huzika mvinyo wao kwa kungoja siku kubwa isiyofika.

KUFUNGUA NA KUONJA

7. Isimamishe siku mbili kabla.

Saa 24 ndizo kidogo kabisa, 48 ni bora. Ndani ya chupa ya zamani kuna mashapo: tanini na rangi zilizoshikana kwa miaka mingi zikawa nzito. Hayana madhara ila ni machungu na yana chengachenga. Yaache yashuke kwenye kitako. Kama chupa imetoka safarini, hasa kwa ndege, ipumzishe wiki mbili au tatu kabla ya hayo.

*Onyo:* mhudumu akiipeleka mezani akiitikisatikisa, kazi yote ya siku mbili imepotea kwa hatua ishirini.

8. Ipoze.

Kwenye mafunzo ya hoteli tunaambiwa mvinyo mwekundu hunywewa kwa "joto la chumba". Chumba kilichokusudiwa ni cha nyumba ya mawe ya Ulaya kabla ya mitambo ya kupasha joto, nyuzi 16 hadi 18. Chumba chetu si hicho. Barolo kwa nyuzi 28 inanuka kileo tu na ukakasi wake unakuwa mbaya. Kama haikutoka kwenye friji la mvinyo, iweke kwenye friji la kawaida, ikiwa imesimama, dakika 40 hivi. Itajipasha yenyewe ndani ya glasi.

9. Toa kizibo polepole.

Kata kifuniko chini ya mdomo, ufute mdomo wa chupa kwa kitambaa chenye maji. Chupa za miaka ya 1980 kurudi nyuma nyingi zilifungwa kwa karatasi ya madini ya risasi, yenye sumu, kwa hiyo hapo futa vizuri zaidi. Koga nyeusi juu ya kizibo ni ya kawaida, isikutishe.

Kizibo cha miaka 20 ni kama keki iliyokauka. Ingiza meno mawili ya kizibuo, refu likitangulia, kwa kuyatikisa kushoto na kulia, kidogo kidogo, mpaka yazame. Kisha zungusha huku ukivuta. Usiwe na haraka na usifanye mbele ya wageni mara ya kwanza.

10. Nusa kabla ya kitu kingine chochote.

Mimina vidole viwili, unuse. Harufu ya boksi lililoloa, tambara bichi au ghala lenye koga ina maana kizibo kimeuambukiza mvinyo, na hakuna dawa. Ikiwa ni ya siki au ya rangi ya kucha, umekwisha. Lakini harufu ya uvundo kidogo, kama chumba kilichofungwa miaka, subiri. Mara nyingi inaondoka ndani ya nusu saa, na nyuma yake kuna maajabu.

Nawaambia wenzangu wahudumu ambao dini yao haiwaruhusu kunywa: pua yako peke yake inaweza kazi hii. Ubovu wa kizibo hunuswa kabla ya kuonjwa. Baadhi ya wahudumu makini kabisa niliofanya nao kazi hawajawahi kuugusisha mvinyo kwenye midomo yao.

11. Ipe hewa kulingana na umri.

Barolo chini ya miaka 10: mimina yote kwenye jagi, iache saa mbili hadi nne. Kati ya 10 na 20: saa moja au mbili, ukionja njiani. Zaidi ya miaka 25: usiikimbilie na jagi. Fungua chupa asubuhi, mimina kiasi kidogo kishuke hadi kwenye mabega, iache imesimama mahali pa baridi mpaka jioni. Hewa itaingia taratibu. Mvinyo mzee uliomwagwa kwenye jagi pana saa nne kabla ya chakula unaweza kufika mezani umeshakata roho.

12. Tenganisha mashapo.

Shika jagi kwa mkono mmoja na chupa kwa mwingine. Weka tochi au mshumaa nyuma ya shingo ya chupa, mwanga ukipita kwenye kioo hadi machoni pako. Mimina kwa mkondo mwembamba usiokatika. Usisimame na kuanza tena, kwa sababu kila ukiiinua chupa mashapo yanavurugika. Mvinyo utapita shingoni ukiwa mwangavu, rangi ya tofali, dakika nzima. Kisha utaona uzi mweusi unaojisokota kutoka begani, mwembamba kama moshi wa udi. Hapo hapo acha. Kitakachobaki ni nusu glasi tu.

13. Tazama.

Mimina robo ya glasi, isizidi, uiinamishe juu ya kitambaa cheupe. Wengi hapa huniambia, "Huu umechanganywa na maji." Hapana. Nebbiolo ni nyepesi kwa rangi tangu ujana wake. Ikifika miaka 15 katikati ni rangi ya komamanga na ukingoni inaelekea chungwa. Hiyo ni afya. Kahawia iliyofifia mpaka katikati ndiyo mbaya.

14. Nusa tena, bila kuzungusha, kisha ukizungusha.

Waitaliano husema waridi na lami, nami sina la kuwapinga. Waridi si lile bichi la bustanini. Ni lile lililokauka ndani ya kitabu, karibu na marashi yetu ya kunyunyizia wageni. Lami ni ile ya barabara iliyopigwa na jua. Chini yake kuna cheri kavu, tumbaku, ngozi ya kiatu, urukususu, na kwenye chupa zilizokomaa, harufu ya majani na uyoga baada ya mvua. Usilazimishe kutaja vyote. Ukipata kimoja na kikakukumbusha mahali, umenusa vizuri.

15. Onja, uache ukae kinywani.

Chukua funda dogo, lizungushe mdomoni, vuta hewa kidogo juu yake. Sikiliza vitu vitatu. Uchachu: mate yanakutoka pembeni mwa ulimi? Ukakasi: ukiwahi kuuma bibo la mkorosho bichi, unaujua. Barolo changa ni bibo kabisa. Ile iliyokomaa ukakasi bado upo, ila umelainika, kama tofauti ya chai ya rangi iliyochemka mno na chai hiyo hiyo ikishatiwa maziwa. La tatu ni urefu: meza, uhesabu. Mvinyo mkubwa unabaki na ladha yake nusu dakika na zaidi.

Rudi kwenye glasi ile ile baada ya dakika 20, na tena baada ya saa. Barolo ya kale hubadilika, na raha yake kubwa iko katika kuifuata.

16. Chakula.

Kule Langhe huila na nyama ya ng'ombe iliyopikwa saa nyingi ndani ya Barolo yenyewe, na tambi za mayai za tajarin zilizokunwa uyoga mweupe wa Alba juu yake. Mafuta na protini ya nyama hushika tanini, kama maziwa kwenye chai. Kwetu, mbuzi choma mwenye mafuta na chumvi tu anakaa nayo vizuri sana, na mishkaki isiyo na pilipili pia. Pilipili huwasha kileo na ukakasi vikawa moto mtupu. Na samaki wa kupaka na nazi, ambaye nampenda kuliko chakula chochote, ampishe mvinyo mwingine.

UKIKWAMA

*Kizibo kimekatika nusu.* Usikisukume kwanza. Ingiza kizibuo kwa mshazari kwenye nusu iliyobaki, uvute polepole. Kikigoma, kisukume ndani na umimine kupitia shashi safi.

*Nimeionja, ni kali, inakausha mdomo.* Ama ni changa, ama ina joto. Pima joto kwanza. Zaidi ya nyuzi 19, ipoze dakika 10. Kisha ipe hewa na kula kitu chenye mafuta.

*Haina harufu kabisa.* Inaweza kuwa ya baridi mno, au imejifunga. Nebbiolo hufanya hivyo miaka kadhaa baada ya kutiwa chupani. Shika glasi kwa viganja vyote viwili, ngoja. Kama una nyingine ya aina hiyo, iache miaka mitatu.

*Mashapo yamevurugika na wageni wamefika.* Chuja kwa shashi ambayo haina harufu ya sabuni. Utapoteza ulaini kiasi, lakini utanyweka.

*Umeme ulikatika siku tatu.* Tazama kipimajoto. Kama joto halikupita nyuzi 20, hakuna kilichoharibika. Likipita 27 kwa siku nzima, kagua vizibo; chupa ambayo kizibo chake kimejitokeza ndiyo ya kufungua kwanza.

*Imebaki nusu chupa.* Ya miaka 10 irudishie kizibo, iweke kwenye friji, kesho huenda ikawa bora kuliko leo. Ya miaka 30 haivuki usiku, imalizeni. Ile nusu glasi ya mashapo usiimwage: ichuje, uitie kwenye mchuzi wa nyama dakika 30 kabla ya kuepua.